Goma: Murara yajengwa upya, vifusi vyabaki barabarani

Katika kata ya Murara, komine ya Karisimbi, nyumba ya mbao inapobomolewa ili kupisha jengo la matofali, mbao na mabati hupata mnunuzi upesi. Shida huanza na kinachobaki: vipande vya saruji, plasta, vioo, misumari na mifuko mitupu ya saruji. Hurundikwa mbele ya parsele, nusu njiani, na wapita njia, chukudu na pikipiki hugombania nafasi iliyobaki.

Si kwamba wakaaji wa Goma hawajui kutumia mabaki. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Watu wapatao 120.000 walibaki bila makao. Lava ilipopoa hawakuihamisha. Waliivunja kwa nyundo, wakajengea misingi na kuta za parsele. Hadi leo kuna familia zinazoishi kwa kuvunja mawe hayo na kuuza kokoto.

Volkano ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama karibu na mji, lakini matetemeko ya ardhi yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru kata kumi za Goma zihamwe, Murara ikiwa mojawapo. Waliporudi, wenye nyumba zilizopasuka walipaswa kuchagua: kuziba nyufa au kubomoa.

Tofauti kati ya lava na kifusi cha leo ni kwamba lava ni jiwe tupu. Kifusi cha leo kimechanganyika, na ndiyo maana hakina mnunuzi. Vipande vya saruji na mawe vikiwa safi vinafaa kujaza chini ya sakafu au kuziba mashimo ya njia. Vikichanganyika na vioo na misumari, hutoboa matairi na kujeruhi watoto wanaocheza hapo. Mvua nayo hubeba saruji laini na mchanga hadi kwenye mifereji na nyufa za lava ambamo maji yangepaswa kuzama.

Kazi ya kutenganisha haidai mashine, bali mpangilio. Kabla nyundo haijagusa ukuta, huondolewa mabati, milango, madirisha, mbao na nyaya. Matofali mazima hupangwa kando. Ukuta humwagiwa maji kidogo ili kupunguza vumbi, kwa sababu vumbi la saruji na mchanga huharibu mapafu ya mafundi na majirani. Misumari hutiwa ndani ya ndoo yake. Mwishoni hubaki marundo mawili: linaloweza kutumika tena na la kutupwa. Hilo la pili huwa dogo kuliko mwenye nyumba alivyodhani.

Jambo lingine ni pesa. Mara nyingi makadirio ya ujenzi huhesabu saruji, mchanga, vyuma na malipo ya mafundi, lakini gari la kuondoa vifusi husahauliwa. Pesa zikiisha, gharama hiyo huwaangukia majirani. Hata hivyo sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu ulinzi wa mazingira nchini Kongo inaweka kanuni iliyo wazi: anayechafua ndiye anayelipa.

Bado kanuni hiyo inahitaji mahali pa kuitekelezea. Mwenye parsele anayetaka kufuata sheria lazima aonyeshwe pa kumwaga, la sivyo kifusi kitahama kutoka njia moja hadi nyingine, au kitaishia ziwani. Salongo inaweza kufagia njia kwa siku moja, lakini haiwezi kubeba ukuta mzima wa mtu.

Kwa mwenye kujenga Murara, hatua ya kwanza ni fupi: kuandika gharama ya vifusi katika makadirio yake kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.