Boksi la Usukani Likivuja, Kuongeza Mafuta Si Dawa

Gari langu ni Land Rover 110 ya miaka ya themanini, ile iliyotoka kabla hawajaipa jina la Defender mwaka 1990. Huku Chewele hakuna anayeiita gari la kale. Ni gari tu. Linabeba mahindi, linabeba mbuzi, na usiku linabeba wagonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Jirani alinigongea mlango baada ya isha, mkewe ameshikwa na uchungu, tukashika njia ya Hola. Katikati ya safari usukani ukawa mzito ghafla. Pawa imekwisha, mafuta yote yamemwagika njiani. Usukani bado uligeuka, maana pawa ikifa mitambo ya ndani haikatiki, lakini ilibidi mpwa wangu aliyekaa kando anisaidie kuuvuta kila penye kona na kila palipokuwa na ng'ombe barabarani. Tulifika, alhamdulillahi, na mtoto alizaliwa salama. Lakini mama yule hakupaswa kusafiri katika gari la namna ile, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa najua boksi linavuja tangu miezi mitatu nyuma.

Kwa asiyelijua, boksi la usukani ni kile chuma kizito kilichofungwa kwenye chasi, upande wa dereva, mbele. Juu linapokea shafti inayotoka kwenye usukani. Chini linatoa shafti nyingine nene, na kwenye ncha yake kuna mkono wa chuma unaosukuma rodi ya kugeuza magurudumu. Pampu inaendeshwa na injini na kuleta mafuta yenye presha kubwa ili yasaidie mikono yako. Mmarekani Francis Davis alitengeneza mfano wake wa kwanza miaka ya 1920, lakini ni mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ilipoanza kuuza magari yenye kitu hicho.

Kinachozuia mafuta yasitoke ni sili, vipete vya mpira vinavyokumbatia shafti. Ile ya chini ndiyo inayoteseka huku kwetu. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili 2024 yaliyokata barabara pale Madogo, yalilifanya gari langu liogelee matope kila wiki. Tope la Tana likikauka kwenye shafti huwa kama msasa, na unyevu wake huleta kutu. Kutu ikagusana na mpira, mpira unachanika.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakufungua kitu. Alinimiminia mafuta ya breki akasema yatafurisha mpira uzibe. Kweli ulifura, kisha ukalegea kama ubani uliotafunwa, na uvujaji ukazidi. Wasomaji wangu, mafuta ya breki yasiingie kwenye pawa kabisa.

Safari hii tulifanya wenyewe, mimi na mpwa wangu, chini ya mwembe. Kwanza tuliosha boksi lote kwa mafuta ya taa, tukalikausha, tukawasha injini. Yeye akageuza usukani, mimi nikamulika kwa tochi. Usiruke hatua hii. Mara nyingi linalovuja ni bomba la juu tu, na mtu ameshanunua boksi zima.

Tukanyoosha magurudumu, kisha tukachora alama kwa patasi kwenye shafti na kwenye ule mkono, zikitazamana. Mkono umekaa kwenye meno. Ukiurudisha umeruka jino moja, gari litakata kona vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili. Mafuta tuliyakinga kwenye debe. Tafadhali usiyamwage mferejini, maji yale ya skimu ya Bura yanaingia shambani. Midomo ya mabomba tuliifunga kwa nailoni safi.

Mkono ule ndio ulaji wa siku nzima. Nati yake ni kubwa na mkono umeganda. Tafuta pula imara ya kuuvuta, ikaze, iache kidogo, ikaze tena. Usipige nyundo ncha ya shafti, utaumiza meno na beringi za ndani kwa ajili ya haraka. Ukishatoka, sili ya chini yaweza kubadilishwa boksi likiwa garini. Sisi tulilishusha lote kwa sababu ya juu nayo ilikuwa inalia, na sikutaka mchanga wa chasi udondokee ndani. Ni zito, mmoja alale chini amelishika kabla bolti ya mwisho haijatoka.

Sili mpya zilikuja kwa basi kutoka Mombasa. Kabla ya kuivisha, pitisha ukucha kwenye shafti. Kutu nyepesi ing'arishe kwa msasa laini, ukizungusha, si kwa kuvuta juu na chini. Ukucha ukinasa kwenye shimo, sili mpya haitadumu, na hapo ndipo pesa ya shafti nyingine au boksi jingine ina maana. Meno ya shafti yafunge selotepu yasikate mpira, pakaza mafuta, na upande wenye springi uelekee ndani. Ile skrubu ya juu ya boksi iache. Mafundi hupenda kuikaza ili usukani usicheze, lakini ikizidi, usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Baada ya kufunga, jaza mafuta yanayotajwa kwenye kitabu cha gari lako. Langu linatumia mekundu ya gia otomatiki. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka vigogo chini ya ekseli, na injini ikiwa imezimwa geuza usukani pole pole mwisho hadi mwisho huku ukiongeza. Povu likiisha, washa, urudie. Usiushikilie usukani mwishoni kabisa, presha hupanda mno.

Leo ni wiki ya sita. Kila asubuhi mpwa wangu huweka katoni chini ya boksi gari likiwa limelala, na mpaka jana haikuwa na doa. Jirani naye amekuja kuuliza kama twaweza kumtazamia Land Cruiser yake Jumamosi.