Vyama vya Udugu Vyuoni Marekani, Sehemu ya Pili: Nani Aitwe Ndugu?

Wiki iliyopita tuliishia Williamsburg, Virginia, mwaka 1776, ambako wanafunzi wachache wa Chuo cha William & Mary walianzisha Phi Beta Kappa, chama cha siri cha kwanza kujipa jina la herufi za Kigiriki. Tulizungumzia viapo, nishani na namna ya kupeana mikono. Leo tunaingia kwenye swali ambalo vyama hivyo vililikwepa kwa zaidi ya miaka mia moja: nani anastahili kuitwa ndugu?

Mwanzoni jibu lilijulikana bila kuandikwa popote. Vyuo vilikuwa vya vijana wa Kizungu, Waprotestanti, wengi wao wana wa wenye nafasi, na vyama vilivyochipuka Union College kule Schenectady, New York, kuanzia 1825, vilifanana na vyuo vyenyewe. Masharti ya ubaguzi yaliingia kwenye katiba baadaye, Wayahudi, Wakatoliki na Weusi walipoanza kuonekana madarasani. Vyama vingi vikatamka bayana kwamba mwanachama sharti awe Mzungu, na mara nyingi awe Mkristo pia. Tusilichukulie jambo hilo kama mzaha wa vijana. Nyumba ya chama ilikuwa bweni na bwalo la chakula. Humo mwanafunzi mgeni alipata wakubwa wa kumwelekeza masomo, na humo alifahamiana na watu ambao miaka kumi baadaye wangemwita kwenye kazi. Aliyezuiwa mlangoni alikuwa amenyimwa nusu ya chuo.

Msomaji wa pwani aliyewahi kuwasikia wazee wakisimulia beni, Marini kwa Arinoti, pamoja na vyeo vyao, mavazi yao, mashindano yao na namna mwanachama alivyozikwa na wenzake, hatapata shida kuelewa kwa nini kijana wa miaka kumi na tisa, aliye mbali na kwao, alitamani sana kuwa ndani.

Waliozuiwa wakajenga vya kwao. Mwaka 1895, Yale, vijana watatu walianzisha Pi Lambda Phi, chama kisichouliza dini ya mtu. Tarehe 4 Desemba 1906, Cornell, wanafunzi saba Weusi wakaanzisha Alpha Phi Alpha. Mazingira ya Cornell yanafaa kukumbukwa. Wanafunzi sita Weusi waliokuwapo chuoni hapo katika mwaka wa masomo wa 1904 hadi 1905 hawakurudi mwaka uliofuata. Waliokuja baada yao walielewa kwamba mtu akiwa peke yake katika mji wenye baridi kama Ithaca, bila pa kulala pa uhakika wala kikundi cha kusoma nacho, ataondoka tu hata akiwa na akili za ajabu. Walianza kwa kukutana kujadili vitabu na kusaidiana masomo. Kiapo na herufi za Kigiriki vilikuja baadaye.

Lakini kuwa na nyumba yenu hakuondoi tabia ya kubagua. Ushahidi uko Howard, chuo kikuu cha Weusi jijini Washington. Huko vyama vya Weusi vilikuwapo tayari mwaka 1914, na mwanafunzi aliweza kupimwa kwa jina la ukoo wake, mfuko wa baba yake, weupe wa ngozi yake na hata aina ya nywele zake. A. Langston Taylor, kijana aliyetoka Memphis, pamoja na wenzake Leonard F. Morse na Charles I. Brown, walichoka na vipimo hivyo. Tarehe 9 Januari 1914 wakaanzisha Phi Beta Sigma, wakisema mtu apimwe kwa sifa zake mwenyewe. Wito wa chama uliunganisha mambo matatu: utamaduni uwe kwa ajili ya utumishi, na utumishi uwe kwa ajili ya wanadamu wote. Hawakukiona chama kuwa ngome ya kuwalinda waliomo. Walitaka kiwe sehemu ya jamii inayokizunguka. Katika miaka ya 1920 kikaanza kampeni ya kukuza biashara za Weusi, na mwaka 1934 kikaongeza mpango wa kupigania haki za kijamii.

Hapo Afrika inaingia. Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah, ambao baadaye walikuja kuwa marais wa kwanza wa Nigeria na Ghana, walisoma Lincoln University, Pennsylvania, kwa nyakati tofauti, na wote wawili wamo katika orodha ya wanachama wa Phi Beta Sigma. Sitadai kwamba siasa zao zilitoka kwenye chama cha wanafunzi. Nkrumah alikuwa na walimu wengi, wa Harlem na wa London. Lakini kwa Mwafrika aliyetua Marekani mwaka 1935, kama Nkrumah, kundi lililosema haliulizi ukoo wala utajiri halikuwa jambo dogo.

Tumeona mlango. Sasa tuone kazi, maana chama kinaweza kumpokea kila mtu na kisha kisifanye lolote zaidi ya sherehe za Ijumaa. Frank Reed Horton alirudi chuoni baada ya kutumika katika Jeshi la Majini la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliyoyaona huko yalimwachia hamu ya kutafuta kipimo cha utu ambacho vijana wangeweza kukifuata. Akakiona katika ahadi ya skauti. Tarehe 16 Desemba 1925, Lafayette College, mjini Easton, Pennsylvania, yeye na wanafunzi wenzake wakaanzisha Alpha Phi Omega kwa nguzo tatu: uongozi, urafiki na utumishi. Wanachama wa kwanza walikuwa vijana waliopitia uskauti. (Mwasisi wa uskauti wenyewe, Baden-Powell, amezikwa Nyeri, chini ya Mlima Kenya, alikofariki mwaka 1941.)

Alpha Phi Omega ilifanya jambo lililoonekana dogo lakini lililobadilisha mengi: haikujenga nyumba za kulala, na haikumkataza mwanachama wake kuwa pia katika chama kingine. Ikaacha mashindano ya nani ana jumba zuri zaidi, ikabaki na kazi ya kuhudumia chuo, mji na nchi. Mwaka 1950 ikavuka bahari hadi Ufilipino. Mwaka 1967 sharti la kuwa skauti likaondolewa, na mwaka 1976 wanawake wakaanza kupokewa. Ilikuwa rahisi kufungua milango hiyo kwa sababu chama chenyewe hakikuwa na bweni la kulinda. Watu wanaokutana Jumamosi asubuhi kupaka rangi shule hawana sababu nyingi za kuulizana wamezaliwa wapi.

Vyama vya kawaida havikupata wepesi huo. Tukio moja la Chicago linaeleza hali ilivyokuwa, nalo linastahili nafasi. Edward J. Sparling alikuwa mkuu wa Central YMCA College, chuo kilichopokea Weusi, Wayahudi na watu wa mshahara mdogo. Bodi yake ikamtaka apeleke hesabu ya wanafunzi kwa rangi na kwa dini. Sparling alijua hesabu ya namna hiyo hutangulia nini: leo mnahesabiwa, kesho mnawekewa kikomo. Akakataa, akajiuzulu. Walimu walipiga kura kumfuata, 62 kwa 1. Wanafunzi, 488 kwa 2. Aprili 1945 wakaanzisha chuo kipya, na kwa kuwa Rais Franklin Roosevelt alifariki mwezi huohuo, wakakipa jina lake.

Mwaka 1948, katika chuo hichohicho cha Roosevelt, wajumbe kutoka vyuo kadhaa walikutana na kuunda Beta Sigma Tau, chama cha kitaifa kilichokusudia tangu siku ya kwanza kuchanganya rangi na dini. Hawa hawakuwa watu wa kundi moja waliojenga chao kwa sababu wamekataliwa. Walikuwa pamoja Weusi na Weupe, Wayahudi na Wakristo, waliotaka kuishi na kula pamoja katika nchi ambayo bado iliwatenga wengi wao kwa sheria au kwa mazoea.

Mwaka huohuo, Amherst, Massachusetts, tawi la Phi Kappa Psi lilimkubali mwanafunzi mmoja Mweusi. Makao makuu yakalifuta. Vijana wale hawakumtoa mwenzao. Walibadilisha jina la tawi, wakaendelea kama chama huru. Miaka kumi na saba baadaye, Stanford, makao makuu ya Sigma Chi yalisimamisha tawi lao muda mfupi baada ya tawi hilo kuamua kumwalika mwanafunzi Mweusi. Wakubwa wa chama walitaja sababu nyingine. Hiyo ilikuwa 1965, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Kiraia kupitishwa, na ni wachache waliosadiki sababu hizo.

Na Beta Sigma Tau je? Mwaka 1960 iliungana na Pi Lambda Phi, ile ya Yale, na jina lake likatoweka. Kwa maoni yangu iliponzwa na uzuri wake. Kuchanganya watu kulikuwa ndiyo sifa yake kuu, na kadiri vyuo vilivyowabana wengine wafute masharti ya ubaguzi, sifa hiyo ilipungua thamani. Chama kinachoishi kwa kupinga ukuta hupata taabu ukuta unapoanza kubomoka. Kinahitaji shughuli nyingine ya kila siku.

Kizazi kilichofuata kiliifahamu shughuli hiyo. Novemba 1981, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, wanawake watano walianzisha Mu Sigma Upsilon, umoja wa kwanza wa wanafunzi wa kike nchini humo kujitambulisha kuwa wa tamaduni nyingi. Kisha, tarehe 25 Novemba 1987, vijana saba wa Texas Tech University, mjini Lubbock, katikati ya mashamba ya pamba ya magharibi mwa Texas, wakaanzisha Omega Delta Phi. Mizizi yake imo katika jamii ya Walatino, lakini maneno ya lengo lake yanamtaja mwanamume yeyote bila kubagua. Kimejipa maadili manne, yaani umoja, ukweli, uadilifu na uongozi, na kinajieleza kuwa chama cha utumishi na cha kijamii kwa pamoja. Mwaka 1998 vyama vya aina hiyo vikapata baraza lao la kitaifa.

Kazi zenyewe hazina makuu. Ni kufundisha watoto wa shule za jirani, kuchangisha damu, kugawa chakula, kuongoza wanafunzi wapya ambao ni wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Texas ndiko ulikoanza, mwaka 1985, mpango wa vikundi kupewa kipande cha barabara kuu na kukitunza, na vyama vya wanafunzi ni miongoni mwa vikundi vinavyookota takataka kando ya barabara hizo. Saa za huduma huandikwa, na asiyetimiza hesabu huulizwa. Wapo wanaodhihaki utaratibu huo wakisema utumishi wa kujaza daftari ni utumishi wa kupamba barua ya kuomba kazi. Dhihaka hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo mtoto aliyeelewa sehemu na desimali Jumamosi hajali mwalimu wake alikuja kwa moyo au kwa daftari, na nimeona watu wengi wakianza kwa kulazimishwa na kuishia kupenda.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Ukienda kwenye matawi mengi ya vyama vinavyojiita vya tamaduni nyingi utakuta watu wa asili moja ndio wengi: hapa Walatino, pale Waasia. Je, jina limekuwa pambo? Nadhani tupime kwa haki. Chama hakiwezi kuwa na mchanganyiko mkubwa kuliko wa chuo ambamo kimo, na kijana aliye mbali na kwao hukimbilia kwanza wanaofanana naye; walifanya hivyo wale saba wa Cornell. Cha kuuliza ni kama yule mmoja asiyefanana na wengine anaweza kuwa mwenyekiti. Kila tawi hulijibu swali hilo siku ya uchaguzi, na katiba pekee haiwezi kulijibu kwa niaba yao.

Utumishi pia hauishii kwenye mahafali. Katika vyama vya Weusi hasa, aliyehitimu huhamia tawi la watu wazima la mji anamofanyia kazi, analipa ada na kuendelea kwa miaka arobaini au hamsini. Ndiyo maana vinaweza kubeba mambo makubwa. Sanamu ya Martin Luther King jijini Washington, iliyofunguliwa 2011, ilitokana na wazo na juhudi za Alpha Phi Alpha, chama ambacho King mwenyewe alikuwa mwanachama wake. Bunge lilikuwa limeidhinisha ujenzi huo mwaka 1996. Miaka kumi na mitano ya kuchangisha, kubishana kuhusu mchongaji na kungoja vibali haiwezi kuvumiliwa na chama cha wanafunzi watupu, ambao kila miaka minne huwa ni watu wapya kabisa.

Kuna upande ambao hatujaugusa, nao ni mateso wanayopewa wanaotaka kuingia, ambayo yameua vijana Marekani na Ufilipino. Mwaka 1990 vyama vikuu vinane vya Weusi, vile vya wanaume na vya wanawake, vilikubaliana kufuta kipindi cha mafunzo ya siri yaliyotumika kama kisingizio cha mateso hayo. Mwishoni mwa 2024 Marekani ikapata sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutangaza hadharani matukio hayo. Kwa nini mateso yanaendelea hata ndani ya vyama vinavyohubiri utumishi, na nani ananufaika na ukimya, ndiyo mada ya wiki ijayo.