Rubani Atasema Nini juu ya Ndege Isiyoruka Bado?

Kuunda ndege ni kazi ya miaka mingi na ya feza nyingi. Waundaji wakingoja siku ya kwanza ya kuruka ili wajue kama inaongozeka vizuri, pengine watajua kwa hasara. Kwa hiyo wanajaribu kutabiri alama ambayo rubani ataipa. Wanafanya namna gani?

1. Alama yenyewe. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, George Cooper, rubani wa majaribio, na Robert Harper, injinia, walitoa ngazi ya alama toka 1 mpaka 10. Rubani anapewa kazi moja wazi, kisha anaulizwa: Je, ndege inaongozeka? Je, kazi inatimizwa vya kutosha kwa taabu inayovumilika? Je, inafaa bila kurekebishwa? Alama 1 hata 3 ni ndege njema, 4 hata 6 ina kasoro zinazofaa kuondolewa, 7 hata 9 ina kasoro kubwa, 10 haiongozeki.

2. Inapima nini? Hasa taabu ya mtu. Mwenye kinga ya usukani mlegevu anaweza kufika sokoni pamoja na mwenzake. Njia ni moja, saa ni moja. Lakini yeye amechoka mikono na macho. Alama inataka kujua uchovu huo.

3. Kutabiri. Basi wataalamu wanaweka katika mahesabu mtu wa kubuni: anaona kosa, anakawia sehemu ya sekunde, kisha anavuta usukani. Mfano wa Ronald Anderson, wa mwaka 1970, ulijulikana kama «rubani wa karatasi». Mwaka uleule Neal na Smith waliuliza mambo mawili: mtu huyo analazimika kukisia mbele kadiri gani? Na pua ya ndege inatulia, ama inayumbayumba? Kukisia kwingi au kuyumba kwingi, alama mbaya. Wakalinganisha mahesabu na maneno ya marubani wa kweli waliorusha NT-33, ndege iliyoweza kuiga tabia za ndege nyingine.

4. Mpaka wake. Mwaka 1992, kule Edwards, Marekani, ndege YF-22 iliruka chini juu ya kiwanja. Pua ikapanda na kushuka. Rubani alisahihisha, lakini mkono wake na mwendo wa ndege vikapishana, ikaanguka. Rubani alipona. Utabiri unajibu kazi iliyoulizwa tu. Kwa hiyo kazi ngumu, zile za karibu na ardhi, lazima ziulizwe mapema. Kisha rubani mwenyewe ahukumu.