Lenzi ya Makro ya Zamani: Ibadilishwe au Iachwe?

Lenzi ya makro ni ile iliyoundwa kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu, na nyingi hufikia ukubwa halisi, yaani mdudu mwenye urefu wa milimita 10 huchukua milimita 10 zilezile juu ya kihisi, bamba linalopokea mwanga ndani ya kamera. Toleo jipya linapoingia madukani, mwenye lenzi kama hiyo huingiwa na shaka kwamba yake imepitwa na wakati. Shaka hiyo mara nyingi haina msingi, kwa kuwa kwa umbali huo mdogo tatizo kubwa hutokana na kanuni za mwanga, ambazo hazibagui lenzi kwa umri.

Katika ukubwa halisi, upenyo, yaani tundu la kupitishia mwanga, ukiwekwa f/8 kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, sehemu inayoonekana wazi huwa na kina cha takriban milimita 1 tu, hivyo jicho la nzi laweza kutoka safi huku bawa lake likiwa limefifia. Upenyo ukibanwa hadi f/22 ili kuongeza kina hicho, mwanga hutawanyika kwenye kingo za tundu na picha nzima hupoteza ukali. Hakuna bei inayoondoa kikwazo hicho. Dawa ni kupiga picha kadhaa, fokasi ikisogezwa kidogo kila mara, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta.

Lenzi za Canon za milimita 100 zinaonyesha vyema kinachonunuliwa. Ya mwaka 2000 haina kidhibiti cha mtikisiko. Ya 2009 inacho, lakini msaada wake, ambao kwa vitu vya mbali hufikia stopu nne (kila stopu ikiwa ni mwanga kuzidi au kupungua mara mbili), hushuka hadi stopu mbili hivi katika ukubwa halisi, wala hakizuii ua kuyumbishwa na upepo. Anayetumia flashi, ambayo mmweko wake ni mfupi mno, hufaidika kidogo. Anayeshika kamera mkononi kwa mwanga wa asubuhi hufaidika zaidi. Ya 2021 hukuza mara 1.4, nayo hiyo ni tofauti ya kweli.

Sababu nzito zaidi ya kubadilisha lenzi huwa ni kamera yenyewe. Lenzi za Nikon za aina ya AF-D hazina mota ya fokasi ndani, hivyo zikifungwa kwenye kamera za Nikon za mfululizo wa Z kwa adapta ya kampuni hiyo, fokasi ya kujiendesha hukoma, hasara ambayo wapiga makro wengi huivumilia, kwani wao huseti fokasi kwa mkono na kusogeza mwili mbele na nyuma. Kuvu ni jambo jingine: tochi ikimulikwa ndani ya lenzi na kuonyesha nyuzi zilizotambaa juu ya kioo, gharama ya kuisafisha yapaswa kulinganishwa na bei ya lenzi nyingine iliyotumika, kabla ya kufikiria mpya.