Wahadhiri Wafundishane: Somo la Wakulima wa Kasese

Mwalimu wa shule ya msingi aliyepitia Chuo cha Walimu cha Bwera, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, alisomea kazi ya kufundisha kwa miaka miwili. Aliandaa somo, akasimama mbele ya watoto huku mkufunzi ameketi nyuma akiandika, akasahihishwa, akarudia. Mhadhiri wa chuo kikuu, kwa kawaida, hukabidhiwa darasa kwa sababu ya shahada zake. Fizikia au sheria anaijua barabara, ila mara nyingi hakuna aliyewahi kuketi ukumbini kumwangalia anavyoifundisha. Pengo hilo likizibwa, huzibwa kwa warsha ya siku chache, na mtaalamu akishaondoka kila mtu hurudia mazoea yake. Njia itakayodumu ni wahadhiri kufundishana wao kwa wao, na Kasese ina ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaliweza jambo hilo.

Ushahidi huo unatoka kwa wakulima wa kahawa wa miteremko ya Rwenzori. Wanachama wa ushirika wa akiba na mikopo wa Bukonzo Joint, wakishirikiana na mtafiti Linda Mayoux, walisaidia kujenga mbinu iitwayo GALS, ya kupanga maisha ya kaya na kutafuta usawa kati ya mume na mke kwa kuchora. Mtu hufungua daftari, akachora duara juu kulia: maisha anayoyataka. Chini kushoto huchora jingine: hali yake ya leo. Kati ya maduara hayo hupita barabara, yenye fursa upande mmoja na vikwazo upande wa pili. Asiyejua kusoma huchora kama aliyesoma. Akimaliza humfundisha jirani, naye jirani humfundisha mwingine. Kwa msaada wa mashirika ya Oxfam Novib na IFAD, mbinu hiyo imefika nchi nyingi. Nguvu yake ni kwamba kila mtu huanza kwa kujitazama mwenyewe, na kumfundisha mwenzake ni sehemu ya kujifunza kwake.

Vyuo vikuu navyo vimeanza kuonja njia hii. Kati ya 2018 na 2021, vyuo vikuu vya Gulu na Uganda Martyrs vya Uganda, pamoja na Dodoma na Mzumbe vya Tanzania, vilishiriki mradi wa TESCEA. Humo wahadhiri waliyaunda upya masomo yao ili mwanafunzi afikiri na kutatua matatizo badala ya kunakili tu, na baadhi yao wakawa wakufunzi wa wenzao. AFELT, chama cha Kenya kinachoshughulikia ufundishaji wa vyuo vikuu, kilikuwa mshirika katika mafunzo hayo.

Wapo watakaosema kipofu hamwongozi kipofu: wahadhiri wasiosomea ualimu watafundishana makosa. Hofu hiyo ina msingi, lakini inadai mtaalamu aitwe wala haidai awe mwenye shughuli. Mayoux hakuwaacha wakulima peke yao, wala hakuchora kwa niaba yao. Wengine watauliza mhadhiri mdogo atamkosoaje profesa. Jibu liko katika daftari lile: kaya nyingi zina ngazi kali kuliko idara yoyote, ila mume na mke huzungumza kwa urahisi zaidi kila mmoja akiwa ameanza na mchoro wake. Profesa naye aanze kwa kutaja swali lake: “Niangalie kama wanafunzi wa nyuma wananielewa.” Hapo mdogo wake anajibu alichoulizwa.

Pingamizi zito zaidi ni muda. Wahadhiri wengi hufundisha vyuo viwili vitatu ili kukidhi mahitaji, na vyeo hupandishwa zaidi kwa machapisho. Kuwaomba moyo wa kujitolea tu ni kuwaonea. Chuo kinachotaka ufundishaji bora kitenge saa moja ya ratiba kwa wiki ya wahadhiri kufundishana, na kiuhesabu mchango huo cheo kinapojadiliwa. Chuo cha kuanza kipo: Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal kilianzishwa 2005 kwa juhudi za watu wa Rwenzori, kabla ya serikali kukichukua 2022. Taasisi iliyozaliwa hivyo ina kila sababu ya kuongoza, na walimu wa kuigwa iko nao jirani, mashambani Kasese.