Mashine ya Kukaushia Hewa Nyumbani

Kila akaaye katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, anaijua hali ya masika. Tangu mwezi wa Machi mpaka Mei viatu huota ukungu chini ya kitanda, chumvi hulowa ndani ya kopo, na madaftari hulegea. Sisi tumekwisha kuzoea, na aghalabu husema tu, "Ndiyo masika." Lakini masika ya mwaka jana yalituletea hasara nyumbani, na katika hasara hiyo nilijifunza jambo ambalo napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu la skuli.

Mama yangu ni mshoni. Chumba chake cha kazi kipo chini, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hunyonya maji. Mwaka jana alishona nguo ya harusi ya kitambaa cheupe, akaitundika kabatini siku tisa. Siku ya kuja kuchukuliwa, ilionekana ina madoa meusi ya ukungu mabegani. Madoa ya namna hiyo yakishaingia katika nyuzi ni taabu kutoka kwa sabuni. Mama alinunua kitambaa kingine kwa fedha zake mwenyewe, akashona usiku kucha.

Mjomba wangu, akaaye Maskati, alipopata habari hizi alituletea mashine ya kukaushia hewa. Ni sanduku dogo lenye magurudumu, ambalo mtu mmoja aweza kulisukuma toka chumba hiki hadi kile. Kazi yake si ngeni kwetu. Ukitia maji ya barafu katika bilauri, nje ya bilauri huota matone. Matone hayo hayakuvuja ndani. Ni mvuke uliokuwa hewani, ukagusa kitu cha baridi ukageuka maji. Mashine nayo hufanya hivyo hivyo. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha juu ya mabomba yaliyopozwa na kompresa, kama ya friji. Mvuke hugeuka maji na kudondokea katika tangi, na hewa hutoka upande wa pili ikiwa kavu na yenye joto kidogo.

Wazo hili la kuondoa unyevu hewani kwa mabomba ya baridi si la jana. Mwaka 1902 kijana mmoja wa Marekani, Willis Carrier, alitengeneza mtambo wa namna hiyo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikivimba kwa unyevu, hata rangi zikawa hazikai mahali pake. Kwa hiyo aliyeanza kuhangaika hakuwa mama yangu na nguo zake.

Basi tuliiwasha mashine yetu kwa furaha. Kwa kuwa kulikuwa na joto, tuliacha dirisha wazi. Tangi lilijaa asubuhi na jioni. Kwa siku tatu tulimwaga ndoo nzima ya lita 10 na zaidi, na majirani wakaja kutazama. Lakini kipimo cha unyevu kilichopo juu ya mashine hakikushuka chini ya asilimia 80. Mama akaniambia, "Mwanangu, maji twayaona, lakini nguo bado zanuka ukungu, na umeme unakwenda. Mwambie mjomba wako aje aichukue."

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa fizikia. Hakunipa jibu, alinipa hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 haiwezi kubeba mvuke zaidi ya gramu 30 hivi. Kipimo kikiwa asilimia 80, hewa hiyo imebeba gramu 24. Kikiwa asilimia 50, gramu 15. Chumba cha mama kina urefu wa mita 4, upana mita 3 na kimo mita 3, yaani mita za ujazo 36. Toa 15 katika 24, zidisha kwa 36, utapata gramu 324. Hii ni kama theluthi moja ya lita, bilauri moja na kidogo!

"Haya," akasema mwalimu, "maji mengine yote mliyomwaga yalitoka wapi?"

Kuta na nguo zilitoa kiasi chake, lakini mengi yaliingia dirishani pamoja na upepo wa pwani. Tulikuwa tukijaribu kuikausha bahari. Ndipo nilipofahamu kwamba tangi kujaa siyo dalili ya ushindi. Dalili njema ni kipimo kushuka, na tangi kuchelewa kujaa siku baada ya siku.

Tangu hapo twafuata taratibu hizi. Usiku, chumba kikiwa hakina mtu, twafunga madirisha na mlango, na kuziba upenyo wa chini kwa kitambaa. Mashine twaiweka mbali kidogo na ukuta ili ivute hewa vizuri. Kipimo kikifika asilimia 55 hujizima yenyewe. Ukungu hupata shida kuota chini ya asilimia 60. Asubuhi kabati hufungwa kwanza, kisha madirisha hufunguliwa. Chujio twaliosha kila wiki mbili. Maji ya tangi hayafai kunywa, kwa kuwa yamepita penye vumbi na madini, twapigia deki. Umeme ukikatika na kurudi, twangoja dakika chache kabla ya kuiwasha, ili kompresa isiharibike.

Mashine ya wati 300 ikifanya kazi saa nane hula uniti 2.4 za umeme. Kwa hiyo asiwe nayo mtu kwa fahari tu. Na kama dari inavuja, hakuna mashine itakayomfaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Asiye na mashine naye asikate tamaa: asogeze kabati mbali na ukuta, asianike nguo mbichi ndani, na aanike sanduku zima juani siku za jua kali.

Masika ya mwaka huu mama alipokea nguo za harusi nne. Kila usiku, kabla ya kulala, nilishuka kutazama kama dirisha limefungwa. Zote nne zilitoka nyeupe kama zilivyoingia.