Karafuu Mwilini: Manufaa na Hadhari

Binti mmoja wa mtaani kwetu alinijia siku chache kabla ya arusi yake, shingo na mashavu yamemvimba. Alikuwa amejipaka mafuta matupu ya karafuu. Akaniuliza: "Mwalimu, si bibi zetu wakijisinga kwa karafuu tangu zamani?" Swali hilo lastahili jibu la kisayansi.

Karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku na iliyoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ni tumba la ua lichumwalo kabla halijachanua. Katika singo, matumba hayo husagwa pamoja na asumini, langilangi na liwa, yakachanganywa na marashi ya mawaridi. Mwili husuguliwa, kisha huoshwa. Kwa hiyo ngozi huguswa na dawa kidogo, tena kwa muda mfupi. Mafuta yaliyokenekwa ni jambo jingine: kiasi cha asilimia 70 hadi 90 ni kemikali moja, yujinoli.

Manufaa ya yujinoli si ngano. Katika maabara huzuia bakteria na kuvu, na madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Lakini nguvu hiyo hiyo huunguza ngozi. Isitoshe, molekuli zake hupenya ngozi na kushikamana na protini. Askari wa mwili huzihesabu kuwa adui, na zikirudi huleta mwasho na uvimbe. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida hauondoki. Ndiyo maana mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliamuru yujinoli itajwe kwenye chombo cha kipodozi kisichooshwa, ikizidi asilimia 0.001. Linaluli, iliyomo katika asumini na langilangi, nayo ikikaa hewani huzaa viini vya mzio.

Basi, ndugu msomaji, mafuta ya karafuu yasizidi sehemu 1 katika sehemu 200 za mafuta ya nazi. Jaribu kwanza kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku, muda wa siku 7. Usiyapake kwenye jeraha wala kumpaka mtoto, na chupa ifungwe barabara, mbali na jua.

Binti yule alipona na kuolewa, lakini singo hakuipata: daktari alimkataza karafuu. Bibi zetu hawakukosea; sisi ndio tuliobadili kipimo.